Kijana Asiye na Rika: Usawiri wa Msomi katika Filamu ya Men of Two Worlds (1946)

Makala haya yanachunguza jinsi filamu ya Kiingereza ya Men of Two Worlds, iliyoongozwa na Thorold Dickinson, inavyomsawiri kijana msomi wa Tanganyika. Tunaitazama kutoka Sikonge, kusini mwa Tabora, kwa kuwa kiini cha kisa chake, yaani kuwahamisha wanakijiji kwa sababu ya malale, ni jambo lililozikumba sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika kuanzia miaka ya 1920. Nchi ya miombo ni nchi ya mbung'o.

Kisenga, mpiga piano aliyeishi London miaka mingi, anarejea kijijini kumsaidia Bwana Shauri, Randall, kuwashawishi watu wahame. Mganga Magole anampinga. Mgogoro huu unajengwa kana kwamba kuna pande mbili tu: serikali yenye sayansi na kijiji chenye hofu. Katikati amesimama kijana mmoja, peke yake. Hana rika. Uhusiano wake na Daktari Munro ni wa kikazi. Mapenzi hayapewi nafasi, ingawa huyu ni mtu mzima aliyerudi kwao.

Upweke huu ndio kasoro kuu ya filamu, na ni kasoro ya kitabaka. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, hapo awali kwa ajili ya wana wa watemi. Mwaka 1943, Dickinson alipofika Tanganyika kwa maandalizi ya filamu, Julius Nyerere, mwana wa mtemi na mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo, alikuwa akiingia Makerere. Wasomi, basi, walikuwa tayari tabaka: walisoma pamoja, wakajadiliana pamoja. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa Uingereza waliilalamikia hadithi hiyo kabla haijakamilika. Malalamiko hayo yenyewe ni ushahidi kwamba Kisenga wa kweli alikuwa na wenzake.

Tena, kuvuka kati ya dunia mbili hakukuanzia London. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walikwenda pwani wakiwa wapagazi, na safari hiyo ilihesabiwa kuwa alama ya uanaume. Walirudi na nguo, maneno mapya na desturi za pwani, wakaoa, wakalima. (Aliyebeba pembe hadi Bagamoyo angemshangaa Kisenga kwa kudhani yeye ndiye wa kwanza kurudi.) Filamu haina mpagazi wala mfanyabiashara wa Kiswahili. Wangekuwapo, Randall asingehitaji mkalimani mmoja wa roho za watu, na Magole asingebaki sauti pekee ya kukataa kuhama.