Msingi kabla ya kibali ni hesabu ya upande mmoja

Saruji inaponukia kupanda bei, baadhi ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam huchimba msingi huku maombi ya kibali cha ujenzi yakiwa bado manispaa. Huona kila mwezi wa kusubiri ni kodi ya pango inayopotea. Ni kweli, lakini hesabu hiyo haijakamilika.

Chukua mfano wa mtu anayejenga fremu 4 za kupangisha kwa Sh. 150,000 kila moja kwa mwezi. Akisubiri kibali miezi 3, anakosa Sh. 1,800,000. Hasara hiyo inajulikana mapema na inaweza kupangwa. Akianza bila kibali, kisha mkaguzi akasimamisha kazi kwa miezi 3, kodi ile ile inapotea. Juu yake, fedha zimekwama ardhini, saruji inaganda stoo, mlinzi wa nondo anadai mshahara na riba ya benki haisimami. Michoro ikirudishwa ili jengo lisogezwe nyuma, msingi huvunjwa kwa gharama za mwenyewe.

Umeme una mtego wake. TANESCO hudai mchoro wa nyaya kutoka kwa mkandarasi mwenye leseni, ambayo siku hizi hutolewa na EWURA. Fundi wa mtaani akitandaza nyaya na plasta ikapigwa, mkandarasi anayejali leseni yake hatatia saini kazi asiyoiona. Ukuta utapasuliwa upya.

Kibali pia kina mipaka. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Baadaye ilielezwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo.

Kwa mwekezaji mdogo anayeuziwa jengo ambalo halijakamilika, somo ni moja: aombe kibali na michoro yenye mihuri kabla ya kutaja bei, kisha ahesabu ghorofa mwenyewe. Bei ya chini isiyo na kibali huenda ni gharama ya kubomoa anayohamishiwa mnunuzi.

Anayesubiri naye asikae bure. Miezi hiyo inatosha kulinganisha bei za nondo, kumpata mkandarasi aliyesajiliwa na kuzungumza na wapangaji.