Bisibisi ya betri kwa nyumba ya Bunia: anza na visi ulizonazo

Kabla ya kwenda kutafuta bisibisi ya betri kwenye maduka ya Boulevard de la Libération, zunguka nyumba yako ukiwa na kalamu na karatasi. Tazama bawaba za milango, vitasa, priza, swichi, fimbo za pazia, kitanda na kabati la vyombo. Andika visi zake zina kichwa gani na urefu gani. Muuzaji hajaiona milango yako, kwa hiyo hawezi kukuambia unahitaji kifaa cha nguvu kiasi gani. Karatasi hiyo itakuambia.

Nyumba nyingi hapa zina visi za namna mbili. Kuna zile fupi na nyembamba za priza, swichi na samani za kiwandani. Halafu kuna zile za mm 4 kwa 30 au 40, ambazo seremala amezikaza kwenye milango na vitanda vya mbao zetu wenyewe. Za kwanza zinaridhika na kifaa kidogo kabisa. Za pili ndizo zinazowavunja moyo wanunuzi, maana mbao za Ituri si laini. Libuyu inayoletwa kutoka upande wa Komanda na Mambasa, ikishakauka vizuri, huikamata visi kwa nguvu, na mkaratusi mkavu nao hauna huruma.

Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni-mita, nayo huandikwa Nm. Bisibisi ndogo za V 3.6 au V 4 nyingi hutoa kati ya Nm 3 na 6. Hiyo si mbali na nguvu ya mkono wa mtu mzima aliyeshika bisibisi nzuri ya kawaida. Faida yake ni kwamba kiganja hakichubuki na kazi ya visi nyingi haikuchoshi. Usiitarajie ing'oe visi ambayo mkono wako umeshindwa kuilegeza. Vifaa vya V 12 vingi hutoa Nm 20 au 30, na vyenye mdomo wa kushika kekee hutoboa mbao pia. Vya V 18 ni vya fundi mwenye kazi kila siku. Mama wa nyumbani au mwalimu anayetaka kurudisha bawaba iliyolegea atabeba uzito wa bure.

Kwa anayepanga, au anayeishi na vitu vichache, ningechagua kile kidogo bila kusita. Familia nyingi za Djugu na Irumu, na za mji huu pia, zimelazimika kuhama, nyingine zaidi ya mara moja. Kifaa kinachoingia mfukoni na kufungua kitanda haraka bila kuharibu matundu ya visi kina thamani kubwa kwao. Kwa mwenye nyumba yake, yenye milango ya libuyu na rafu anazotaka kuongeza, ningesema asubiri kidogo, akusanye pesa, anunue cha V 12.

Umeme ndio swali linalofuata, na kwetu lina uzito kuliko volti. Mtambo wa Budana kwenye mto Shari ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na nyaya zake hazifiki kila mtaa. Nyumba nyingi zinategemea paneli ya jua, jenereta, au kibanda cha kuchajia simu. Kwa hiyo, kifaa kinachochajiwa kwa USB kinafaa zaidi hapa kuliko chenye kitako chake maalumu: kitachajiwa kwenye paneli ndogo, kwenye benki ya umeme, au kibandani pamoja na simu yako. Lakini jaribu hapohapo dukani. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu vyenye tundu la USB-C hukataa kabisa kebo iliyo na USB-C pande zote mbili, na hukubali tu ile yenye kichwa cha zamani cha mstatili upande wa chaja. Nenda na kebo yako, ichomeke, uone kama taa inawaka.

Ikiwa kifaa kina chaja ya ukutani, isome. Bidhaa zinazopitia Mahagi au Aru kutoka Uganda mara nyingi huja na plagi ya miguu mitatu bapa, na priza za Kongo ni za matundu mawili ya duara. Adapta itatatua hilo. Kisichotatuliwa na adapta ni chaja iliyoandikwa V 120 tu, iliyotengenezwa kwa soko la Marekani: ukiichomeka kwenye V 220 itaungua. Tafuta maneno 100–240 V.

Kuhusu betri yenyewe, chukua ya lithiamu. Bosch ilipotoa bisibisi yake ndogo ya IXO mwaka 2003 ikiwa na betri hiyo, vifaa vingi bado vilitumia nikeli-kadmiamu, ambayo hupoteza chaji ikikaa tu kabatini. Kwa kazi za nyumbani tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu bisibisi inaweza kulala miezi miwili bila kuguswa, halafu itakiwe ghafla usiku kitasa kimegoma. Vifaa vya mtumba vyenye nikeli-kadmiamu bado vinauzwa, na bei yake inavutia. Mimi ningeviacha.

Sasa namba za kwenye boksi. Utakuta betri zimeandikwa 48VF, 88VF na hata zaidi, kana kwamba hizo ni volti. Hesabu ni rahisi: seli moja ya lithiamu ina V 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Seli tano zikifuatana hutoa karibu V 18, na zikijaa kabisa V 21. Betri ndogo inayotosha kiganjani haina nafasi ya seli za V 88. Vivyo hivyo kwa ujazo wa betri, unaoandikwa Ah: seli ya kawaida ya 18650, yenye kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 65, haizidi sana Ah 3.5, na nyingi zina chini ya hapo. Bisibisi yenye seli moja ya aina hiyo ikijisifu kuwa na Ah 9 inadanganya. Pima pia kwa mkono: seli kama hiyo ina uzito wa karibu gramu 45, hivyo pakiti inayodai seli kumi na kuwa nyepesi kama boksi tupu irudishe rafuni.

Usilipe kabla ya kujaribu, kwa kuwa ukishatoka dukani ni vigumu kurudishiwa pesa. Beba kipande cha libuyu na visi tatu za nyumbani kwako. Kaza moja hadi mwisho, kisha ing'oe. Sikiliza: mngurumo uwe sawasawa, usikwaruze. Angalia ncha ikiwa imeingia. Ikicheza sana, kazi yote itayumba. Tundu la ncha liwe la pembe sita la mm 6.35, ambalo hupokea ncha za kampuni nyingi. Kisha zima kifaa na ujaribu kukizungusha kwa mkono kama bisibisi ya kawaida. Mhimili ukijifunga, utaweza kumalizia mzunguko wa mwisho kwa nguvu yako mwenyewe, na kwa kifaa cha Nm 4 hiyo ni sifa ninayoithamini kuliko taa na vikorombwezo vingine vyote.

Ncha zilizomo ndani ya boksi mara nyingi ni za chuma laini. Nunua kando PH2 mbili nzuri na PZ2 moja. Zote zina umbo la msalaba, lakini visi ya PZ ina mistari midogo minne ya ziada katikati ya ile mikubwa. Ukiweka PH kwenye kichwa cha PZ itateleza, na baada ya mara chache kichwa kitakuwa shimo la duara lisiloshikika. Lawama nyingi zinazotupiwa betri zinaanzia hapo.

Kwenye mbao ngumu, toboa kwanza: kekee ya mm 2.5 au 3 kwa visi ya mm 4. Paka sabuni ya mche kwenye meno ya visi. Itaingia kwa urahisi na betri itadumu. Bonyeza kwa uzito wa mwili, mkono ukiwa nyuma ya kifaa sawasawa na visi. Kikianza kunguruma bila kuzunguka, achia kitufe mara moja, kwa maana mota inachemka. Kwenye priza na swichi zima umeme kwanza, pamoja na ule wa inveta, kwa sababu ncha ya chuma haina kinga yoyote. Kazi ikiisha, hifadhi kifaa kikiwa na chaji karibu nusu, mbali na joto la chini ya bati, na ukichaji tena kila baada ya miezi michache hata kama hukukitumia.