Bwana Msa na Amri ya Nane



Katika somo hili tunakitazama kitabu ambacho wengi wenu mmewahi kukisikia: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Hadithi hii ilipata ushindi wa kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Ndiyo iliyotuletea Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, ambaye wengi humlinganisha na Sherlock Holmes.

Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa penye mzimu unaoogopwa na watu. Hofu hiyo peke yake ingetosha kuifunga kesi, maana nani atauhoji mzimu? Bwana Msa haifungi. Anatazama, anauliza, anasikiliza. Muuaji hatutamtaja, tusije tukawaharibia utamu.

Tulikisoma pamoja, kwa zamu. Kiswahili cha Unguja kilitusumbua kidogo sisi tuliokulia katika Kinyiha na Kinyamwanga. Lakini kilichotufundisha zaidi ni makosa yetu. Kabla ya kufika katikati, kila mmoja alikwisha kumpata “muuaji” wake, na karibu sote tulikosea. Tulipojiuliza sababu, jibu lilitutia aibu: tulimchagua yule ambaye hatukumpenda.

Mkoani kwetu Songwe jambo hili haliishii kitabuni. Kijana anafariki ghafla, na kabla ya maziko watu wananong’ona: si bure, kuna mkono wa mtu. Uvumi huo hutembea haraka kuliko malori yanayosubiri Tunduma kuvuka kwenda Nakonde. Watu wanachangishana fedha, lambalamba wanaitwa kuwafichua wachawi, na kidole kinaelekezwa. Mara nyingi kwa bibi mjane asiye na wa kumtetea.

Tuone tofauti. Uvumi huanza na jina, kisha hutafuta dalili za kulithibitisha. Bwana Msa huanza na dalili, na jina huja mwisho.

Maandiko nayo yanaijua njia hii. Katika Danieli sura ya 13, wazee wawili wanamshtaki Susana kwa uongo. Watu wanawaamini kwa sababu ni wazee na waamuzi. Danieli anawatenga, anamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Wanataja miti miwili tofauti. Swali moja tu linaokoa uhai wa mtu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafundisha kwamba anayeamini kosa la jirani yake bila msingi wa kutosha, hata akiwa moyoni tu, ametenda kosa la hukumu ya haraka. Ni amri ya nane hiyo. Hata sheria ya nchi yetu kuhusu uchawi, ya tangu mwaka 1928, inamhesabia kosa anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi.

Je, ndiyo kusema hakuna watu wabaya? Hapana. Kitabuni muuaji yupo, naye ni mtu mwenye mikono na sababu zake. Lakini tunapomkimbilia mchawi, tunampa muuaji wa kweli mahali pa kujificha, na ugonjwa wa kweli nafasi ya kuua tena.

Sisi tunaojiandaa kwa utume tutaitwa kwenye misiba hiyo. Watu watatutazama kuona kama nasi tunanong’ona. Tujizoeze mapema kuuliza: nani aliona? Aliona nini? Marehemu alifikishwa hospitali?

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani katika jumuiya yako ambaye watu humshuku kwa sababu tu hawampendi?
2. Ulipousikia uvumi mara ya mwisho, uliuliza swali gani kabla ya kuupeleka mbele?
3. Soma Danieli 13. Kwa nini umati mzima ulikosea, na kijana mmoja akaona?