Maji Machafu ya Mji na Uzima wa Mto

Katika somo hili twataka kueleza jinsi mji uwezavyo kuondoa maji yake machafu bila kuwadhuru watu wakaao bondeni. Tumechagua mfano wa mji wa Moshi, ulio chini ya mlima Kilimanjaro. Mito ya upande ule hushuka kusini, na maji yake huingia katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambamo watu huvua samaki. Basi kitu akitupacho mtu wa mjini, mwenziwe wa bondeni aweza kukikuta mtungini mwake.

Kwanza yafaa kujua kwa nini maji machafu huua mto. Samaki huvuta hewa iliyomo majini, iitwayo oksijeni, nayo ni kidogo: katika nchi za joto lita moja ya maji safi huwa na kadiri ya miligramu 8 tu. Vijidudu vilavyo uchafu huitumia hewa iyo hiyo, na lita moja ya maji ya vyoo na majiko yaweza kutaka miligramu 300. Maana yake, lita moja ya uchafu yaweza kumaliza hewa ya lita 37 za maji safi. Ndipo samaki hufa, na maji hunuka. Tena katika uchafu huo huwamo viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, na mayai ya minyoo.

Huko Moshi maji machafu ya nyumba zilizoungwa na mabomba hupelekwa kwenye mabwawa ya Mabogini, kusini ya mji. Mabwawa ya namna hii husafisha kwa jua, wakati na vijidudu vyenyewe. Kwa desturi kazi huenda hivi:

1. Maji hutulia kwanza, na vitu vizito huzama vikawa tope. Mayai mengi ya minyoo huzama pamoja navyo.

2. Kisha, katika bwawa la kina cha mita 1 hata 2, mimea midogo ya kijani hutoa oksijeni mchana, na vijidudu huitumia kula uchafu uliobaki.

3. Mwisho maji hupita katika mabwawa yasiyo na kina kirefu, na mwanga wa jua huua viini vingi vya maradhi.

Hivyo ile kazi ambayo ingeumaliza mto pumzi hufanyika kabla ya maji kuufikia. Wakulima wa Mabogini huyatumia maji yatokayo humo kumwagilia mpunga. Lakini si maji ya kunywa. Hata kwa kilimo, Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 1989 kwamba lita moja isizidi yai moja la minyoo.

Mabwawa haya yaweza kushindwa. Mafuta ya magari na tindikali ya betri huua vijidudu vifanyavyo kazi. Matambara huziba mabomba, na uchafu hufurika ukaingia vijitoni. Tope lisipoondolewa, bwawa hujaa, na maji hupita upesi kabla hayajasafika.

Kwa hiyo hapana budi viongozi wa vijiji na walimu wawafundishe watu mambo matatu: choo cha shimo kichimbwe mbali na kijito na kisima, gari linyonyalo vyoo lipeleke mzigo wake mabwawani, wala lisimwage mtoni, na kila atumiaye maji yale shambani avae viatu, anawe mikono kwa sabuni, wala asimwagilie mboga ziliwazo mbichi.