Pima Pumzi Yako Wakati wa Kupura Ndengu

Ndengu zikikauka, na wakulima wa upande wa Mutomo wakianza kuzipura kwa fimbo, vumbi huwa jingi. Jioni watu hukohoa na kusema, "Ni vumbi tu, tumezoea." Yafaa mkulima ajue kwamba kuzoea kikohozi si sawa na kuwa na kifua kizima, na kwamba jambo hili laweza kupimwa kwa hesabu.

Kwanza tuone vumbi huenda wapi. Hupimwa kwa mikroni, na mikroni 1,000 ni milimita moja. Punje zinazozidi mikroni 10 hunaswa zaidi puani na kooni. Zile ndogo hushuka katika matawi ya njia za pumzi, na za chini ya mikroni 5 zaweza kufika katika vifuko vya mapafu, mahali hewa inapoingia damuni. Kwa hiyo vumbi unaloliona juu ya nguo si lile la kuogopa zaidi. Tena mtu anayefanya kazi ngumu huvuta pumzi kwa mdomo, basi pua, ambayo ndiyo mlinzi, huachwa kando.

Mwaka wa 1959 Dr. B. M. Wright na mwenzake Dr. C. B. McKerrow wa Uingereza walieleza kipimo chepesi cha nguvu ya pumzi. Walikuwa katika kituo kilichochunguza mapafu ya wachimba makaa ya mawe. Siku hizi kipimo hiki ni kibomba cha plastiki chenye mshale, nacho chaweza kununuliwa katika maduka ya dawa ya mjini. Kukitumia ni hivi: simama wima, rudisha mshale chini, jaza kifua hewa, funga midomo imara, kisha puliza mara moja kwa nguvu na kwa upesi. Fanya mara tatu, uandike ile namba kubwa kuliko zote.

Usijilinganishe na jirani. Mrefu hushinda mfupi, na kijana hushinda mzee. Jilinganishe na wewe mwenyewe: asubuhi kabla ya kazi, tena baada ya kazi, na siku chache za mapumziko pia. Tuseme asubuhi ulipata 450, na baada ya kupura 360. Tofauti ni 90, yaani moja ya tano. Ikiwa hivyo siku za kazi, na siku za mapumziko haiwi hivyo, basi kazi ile inabana njia zako za pumzi.

Mambo kama haya yalichunguzwa jirani zetu Tanzania. Mwaka wa 1978 ilichapishwa habari ya wafanyakazi wa viwanda vya mkonge waliopimwa kwa spirometa, ambayo ni mashine kubwa zaidi ya hospitali. Waliopiga brashi nyuzi, penye vumbi jingi, walionekana na ugonjwa wa kifua uitwao bisinosi kuliko wale waliosokota. Dalili ya ugonjwa huo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Basi usiache kupima siku ile ya kwanza.

Lakini kibomba hiki hakijui kila kitu. Hupima zaidi njia kubwa, nazo zile ndogo zaweza kuumia namba ikiwa bado nzuri. Mtu aliyeshika majani au nafaka zenye ukungu aweza kupata homa, kikohozi na pumzi fupi saa nne hadi nane baadaye, akadhani ni malaria. Andika dalili pamoja na namba.

Kuhusu kinga: pura juu ya turubai, simama upande upepo unakotoka, na uwapeleke watoto mbali. Leso iliyofungwa puani huzuia punje kubwa, zile ndogo hupita. Barakoa ya vumbi inayokaza usoni ni bora. Usinyunyizie ndengu maji ili kutuliza vumbi, maana utaleta ukungu ghalani.

Majirani wakinunua kibomba kwa shirika, kila mtu awe na kipande chake cha mdomo, kwa sababu ya kifua kikuu. Mwenye kikohozi kisichoisha asingoje kujaza daftari, bali aende hospitali apimwe makohozi. Wengine wapeleke daftari la majuma mawili kwa daktari, siku za kazi zikiwa zimetiwa alama.