Mwenye Baridi Yabisi, Dawa Zake na Saumu Yake



Katika somo hili twataka kulijibu swali ambalo huulizwa na ndugu walioingia katika Islam karibuni, na hata na wale ambao wangali wanachunguza. Nalo ni hili: Mtu mwenye maumivu ya viungo yasiyokwisha, ambaye kila siku hana budi kumeza dawa, afanyeje uingiapo mwezi wa Ramadhani? Na je, kushika dawa si upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, mwenye umri wa miaka arobaini. Huyu ni mama wa mfano tu, lakini walio katika hali yake ni wengi. Kila asubuhi vidole vya mikono yake yote miwili huwa vimevimba na kukakamaa, hata hawezi kuikuna nazi wala kusuka ukili mpaka jua lipande. Jirani wa kwanza amwambia, "Ni uzee tu." Wa pili amwambia ni jini, aende kwa mganga akafungiwe hirizi. Wa tatu ampa vidonge alivyonunua dukani, bila kumwuliza lolote. Ramadhani yakaribia, naye ameazimia kufunga, na vidonge vyote vya siku avimeze usiku kwa pamoja.

Ugonjwa wenyewe

Yafaa ifahamike kwanza ya kwamba watu wa pwani huyaita maumivu mengi ya viungo kwa jina moja la baridi yabisi, kana kwamba yote yaletwa na upepo wa bahari. Lakini matabibu huyatenga. Kuna kusagika kwa viungo, ambako huwapata zaidi wazee. Goti huuma likitumika na hutulia likipumzishwa. Kuna jongo, ambalo mara nyingi huanza kwa ghafula katika kidole gumba cha mguu. Kuna pia maumivu yabakiayo kwa miezi, pengine miaka, baada ya homa ya chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, nalo laeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja. Kwani homa hiyo ilitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952. Mwaka 2004 ilizuka Lamu na Mombasa, na mwaka 2005 ikafika Komoro.

Kisha kuna baridi yabisi hasa. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili iliyowekwa kuulinda hugeuka ikaushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza katika umri wa makamo. Hushika viungo vidogo vya mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi huweza kudumu saa nzima au zaidi. Basi si uzee, wala si jini.

Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi ya kwamba mabedui walimwuliza Mtume Muhammad s.a.w. kama yafaa wajitibu. Akawaamuru watafute matibabu, akawafahamisha kuwa Mungu ameuwekea kila ugonjwa dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni uzee. Kwa hiyo amwambiaye mama wa miaka arobaini kuwa huo ni uzee, amemfungia mlango ambao Mtume s.a.w. aliufungua.

Wala dawa haipingani na tawakali. Nahodha avukaye kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni huomba dua, lakini pia hutazama upepo na maji. Hakuna amwambiaye kuwa kwa kutazama upepo ameacha kumtegemea Mungu.

Dawa na kazi yake

Mwaka 1763 kasisi mmoja Mwingereza, Edward Stone, alieleza jinsi unga wa gome la mti uitwao willow ulivyotuliza homa. Katika asili hiyo ilipatikana aspirini mwaka 1897. Baadaye zikaja ibuprofeni na diklofenaki, ambazo leo zajulikana hata vijijini. Hata hivyo, namna zifanyavyo kazi haikujulikana mpaka mwaka 1971, John Vane alipoonyesha ya kwamba huzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini, viletavyo uvimbe na maumivu. Kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Hapa yafaa tuangalie kwa makini. Vitu hivyo hivyo viletavyo uvimbe katika kiungo ndivyo pia vinavyoulinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi, na ndivyo visaidiavyo damu kufika katika mafigo. Basi dawa inayotuliza kidole yaweza kulijeruhi tumbo na kuyadhuru mafigo. Haya si madhara ya dawa mbovu. Ni kazi ile ile ya dawa, ikitendeka mahali pasipotakiwa.

Kwa hiyo yampasa mgonjwa ashike mambo haya:

Kwanza, dawa hizi zimezwe baada ya chakula, kwa kiasi kidogo kitoshacho na kwa muda mfupi uwezekanao. Asichanganye mbili za namna moja, kama diklofenaki na ibuprofeni.

Pili, mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya mafigo au ya moyo, shinikizo la damu au pumu, pamoja na mama mjamzito, asizitumie bila kumwuliza tabibu. Akiona choo cheusi kama lami au akitapika damu, aende hospitali mara moja.

Tatu, maumivu yakija pamoja na homa mpya, asikimbilie dawa hizi. Huenda ni homa ya dengi, nazo huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Apimwe, malaria pia, na kwa wakati huo atumie parasetamoli kwa kipimo chake.

Nne, asipokee vidonge visivyo na jina. Huenda ni prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya kotisoni. Philip Hench alipompa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948 nchini Marekani, mgonjwa aliyekuwa hajiwezi alianza kutembea baada ya siku chache. Lakini baadaye ilidhihirika ya kwamba zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari ya damu na hupunguza kinga, na aliyezizoea haifai aziache ghafula.

Tano, ajue ya kwamba dawa za kutuliza uvimbe hupunguza maumivu tu, hazizuii baridi yabisi kuharibu viungo. Kwa kazi hiyo ziko dawa nyingine, kama methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa juma, si kila siku, na chini ya uangalizi wa tabibu. Ndiyo maana mama yetu yampasa aende hospitali ya wilaya mapema, kabla vidole havijapinda.

Saumu na sala

Sasa turudi kwenye azimio lake. Kumeza usiku kwa pamoja vidonge vya kutwa nzima ni kuzidisha kipimo. Kisha kushinda bila maji katika joto la Mafia ni kuyaongezea mafigo taabu. Kurani Tukufu, Sura Al-Baqara, aya ya 185, yampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, akalipe katika siku nyingine. Na asiyetarajiwa kupata nafuu atoe fidia kwa kumlisha maskini. Ikiwa ugonjwa umetulia, na dawa yake ni ya kumezwa mara moja baada ya futari, hilo aliamue kwa shauri la tabibu, si kwa kuona haya mbele ya majirani.

Tena katika Abu Daud tunasoma habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini. Alipopatwa na janaba aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume s.a.w. alikasirika sana, akasema wamemwua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Tazama, ndugu msomaji! Watu wale hawakuwa maadui wa dini, walidhani wanailinda.

Na katika sala pia, Imran bin Husain, aliyekuwa mgonjwa, alielekezwa na Mtume s.a.w. asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Basi ambaye magoti hayamruhusu kusujudu, na aketi, wala asidhani sala yake imepungua thamani.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzipokea ruhusa zake kwa shukrani, kama tunavyozipokea amri zake kwa utii, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Baridi yabisi hasa yatofautianaje na kusagika kwa viungo?
2. Kwa nini dawa itulizayo kiungo huweza kulidhuru tumbo?
3. Jirani akikwambia kuwa kuacha saumu kwa ajili ya ugonjwa ni udhaifu wa imani, utamjibu nini?