Kifungo cha Tumbaku: Somo kutoka Katika Maisha Yangu



Mwezi huu sikuja na somo la kueleza sura ya Maandiko. Nataka kuwaeleza habari ya mwili wangu mwenyewe, kwa maana kwa miaka 18 nalikuwa mtumwa wa sigara, na katika miaka 5 ya mwisho nalikuwa nimekwisha kuvaa kanzu ya uchungaji. Wako watakaosema si vema mchungaji kuandika aibu yake. Lakini mganga afichaye kidonda chake atamfundisha nani kuosha kidonda? Someni hata mwisho, kisha mpime.

1. Jinsi nilivyoanza

Mwaka 1998 nalikuwa na umri wa miaka 17, utingo katika lori la mboga. Twalipakia kabichi na karoti Lushoto wakati wa jioni, tukashuka milima hata Mombo, tukaenda usiku kucha ili tufike Dar es Salaam kabla ya mapambazuko. Dereva alikuwa mtu mwema. Aliponiona nasinzia akanipa sigara, akasema, "Vuta, kijana, usingizi utakimbia." Nikavuta, nikakohoa hata machozi yakanitoka, na kichwa kikazunguka. Nikasema moyoni kwamba sitaigusa tena. Usiku wa pili nikaipokea. Mwezi haukwisha, nikawa nanunua mwenyewe, kwanza moja moja dukani, kisha pakiti nzima.

Hakuna aliyenilazimisha, wala sikukusudia kuwa mvutaji. Ndivyo waanzavyo wengi. Hawaendi kumtafuta adui. Hupokea fadhili kutoka mkononi mwa rafiki.

2. Nguvu iliyo ndani ya sigara

Tumbaku ni mmea wa Amerika, na watu wa Ulaya waliujua baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ndani ya majani yake mna sumu iitwayo nikotini. Imepata jina hilo kwa Jean Nicot, balozi wa Ufaransa katika Ureno, aliyepeleka tumbaku kwao karibu na mwaka 1560. Mtu avutapo moshi, nikotini hupita mapafuni na kuingia katika damu, na kwa muda wa sekunde 10 au 20 tu imekwisha kufika ubongoni. Huko huamsha furaha fupi. Ubongo ukiisha kuizoea, hulalamika ikikosekana, kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Mtu huwa na hasira na huzuni, usingizi humpotea, na akili haitulii. Akivuta tena, hutulia. Basi hudhani kwamba sigara imemletea amani, kumbe imenyamazisha tu taabu iliyoileta yenyewe.

Tena moshi wenyewe ndio uuao zaidi. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na zilizo karibu na 70 huleta saratani. Mna lami igandamanayo na mapafu. Mna pia hewa ya kaboni monoksidi, ambayo ni hewa ile ile iuayo watu walalao na jiko la mkaa katika nyumba iliyofungwa. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliandika jinsi walivyoona uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Katika hao, zaidi ya milioni 1 hawakuvuta wenyewe, bali walipumua moshi wa wenzao.

3. Mara mbili niliposhindwa

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2011, juma nililobarikiwa kuwa mchungaji. Nalitupa pakiti chooni, nikaweka nadhiri mbele za Mungu peke yangu, nisimwambie mtu. Siku ya kwanza nikaimba. Siku ya pili nikamkaripia mke wangu kwa ajili ya chumvi ya mboga. Siku ya tatu kichwa kiliniuma, mikono ikatetemeka, na jioni nikaenda duka la mbali, mahali wasiponijua, nikanunua.

Mara ya pili ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2014. Nikasema, Nitafunga sigara siku zote za mfungo. Nikaweza! Lakini Jumatatu ya Pasaka nikawaza, Mtu aliyeweza kukaa majuma sita ameishinda; moja tu haitamrudisha. Nikavuta moja. Jumapili iliyofuata nalikuwa nimerudi kwenye sigara 10 kwa siku.

Baada ya hapo nikakata tamaa, nikawa mwerevu wa kuficha. Nalitafuna majani ya mchaichai kabla ya ibada, nikavuta nyuma ya kanisa penye migomba.

4. Kijana wa kipaimara

Siku moja ya mwaka 2016 nalimkuta kijana mmoja wa darasa la kipaimara penye migomba hiyo, ana kipande cha sigara mkononi. Umri wake ulikuwa miaka 14. Nikamkemea kwa sauti kubwa, nikamwambia habari za mwili na za Amri ya Tano. Naye alikuwa kijana wa adabu; hakunijibu kwa ufidhuli. Akatazama chini, akasema, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Nisamehe. Ni kile ulichokiacha jana."

Sikuwa na neno. Nalijua Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba Amri ya Tano haikatazi upanga tu, bali kila tudhuruvyo mwili wa jirani. Nami nalikuwa nimemfundisha kijana huyo mambo mawili: moja darasani kwa kinywa, na la pili migombani kwa mkono. Lile la pili ndilo alilolishika.

5. Njia niliyoifuata

Jioni ile nalimwambia mke wangu yote. Akasema, "Baba, mimi na watoto tumejua tangu zamani. Twalingoja useme." Jumapili nikawaambia wazee wa kanisa, na yule kijana nikamwomba radhi mbele ya baba yake. Kisha nikaenda kwa daktari. Hakunicheka. Akaniambia kwamba kutawaliwa na nikotini ni ugonjwa, wala si uvivu wa moyo tu, na kwamba wengi hushindwa mara kadhaa kabla ya kushinda. Akanifundisha haya.

Chagua siku ya kuacha, uwaambie watu wa nyumbani. Siku hiyo toa nyumbani sigara, viberiti na visahani vya majivu. Jua saa zako za hatari. Zangu zilikuwa baada ya chai na baada ya mazishi. Tamaa ikija, usishindane nayo kwa siku nzima. Ahirisha dakika chache tu, kwa kuwa huja kama wimbi na kupita. Nywa maji, tembea, tafuna kitu. Mimi nalitafuna karoti hata watoto wakanicheka. Juma la kwanza ndilo gumu kuliko yote, na baada ya majuma machache mwili hutulia. Tena yako madawa, kama ulimbo wa kutafuna na bandiko la ngozini, yenye nikotini kidogo pasipo moshi. Shirika la Afya Duniani liliyatia katika orodha ya madawa ya lazima mwaka 2009. Mwenye kuweza kuyapata amwulize daktari.

Siku ya 19, baada ya mazishi, nalianguka nikavuta moja. Lakini safari hii sikuificha. Nikamwambia mke wangu usiku ule ule, na asubuhi nikaanza tena. Kuanguka mara moja si kurudi utumwani. Ni kuficha kunakorudisha. Tangu siku hiyo sijavuta.

Nanyi mvutao, jueni kwamba mwili husamehe upesi kuliko tudhanivyo. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kupungua. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua karibu nusu.

6. Neno kwa walimu

Msiwahubirie wavutaji kana kwamba sigara ndiyo inayomtenga mtu na neema. Hatuokolewi kwa kuacha tumbaku. Lakini pia msinyamaze, kwa kuwa jirani anakufa. Wala msiwadanganye wazee kwamba ugoro hauna neno, au vijana kwamba shisha ni maji tu. Zote ni tumbaku, zote hudhuru. Mkitaka kumsaidia mtu, anzeni kwa kumpa mahali pa kusema pasipo kuaibishwa.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, naye bado anavuta. Tulipoonana mara ya mwisho kituo cha mabasi aliniamkia vizuri, huku mkono mmoja ameuficha nyuma, kama nilivyouficha mimi. Sikumkemea. Nalikaa naye, nikamwambia habari za siku ya tatu na za siku ya 19. Tukaagana, naye akaniomba nimwombee. Nami namwombea kila siku. Nanyi mkumbukeni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini nadhiri ya siri haikunifaa, na kusema wazi kukanifaa?
2. Mtu avutaye ndani ya nyumba yenye watoto, Amri ya Tano yamwambia nini?
3. Ni jambo gani tunalolikataza kwa kinywa, nasi twalifundisha kwa mkono?
4. Katika mtaa wenu, mvutaji atakaye kuacha amwendee nani?

Amani iwe kwenu.